Kati ya Stesheni

Baba alizungusha kitufe cha redio yake ya betri nne,
ile yenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli,
akapita habari, akapita mhubiri, akapita tangazo la mbolea,
akasimama pale ambapo hakuna mtu.
"Andika," akaniambia.
Nikagusa herufi moja.
Redio ikakohoa.
Nikafungua ukurasa mwingine, ikalia kama nyuki chupani.
"Umesikia? Kuta zina masikio, hilo tumeambiwa tangu utotoni.
Hakuna aliyetuambia kwamba mashine ina mdomo."

Buruburu, saa tano usiku.
Mezani nilikuwa na wajane kumi na wanne,
kila mmoja na kiwanja chake kilichoyeyuka,
maneno yao nikiyapiga chapa kabla ya Jumatatu ya mahakama.
Waya wa mtandao nilikuwa nimeuchomoa. Pazia nimeshusha.
Nikadhani hiyo ndiyo siri.
Nje, mbele ya duka la Kasyoka,
gari jeupe, usiku wa tatu mfululizo,
na paani mwake ufito mwembamba ukitikisika pasipo upepo.

Huenda dereva alikuwa na mpenzi ghorofani.
Huenda.

Baba, miaka ishirini na saba fundi wa simu za Posta,
hakuwa na haja na huenda.
Alfajiri tulikuwa Kamukunji, katikati ya nyundo.
Ngotho akatutolea wavu wa kuku.
"Matundu makubwa," baba akasema. "Wimbi litapita humo
kama panya ghalani, tena mkia wima."
Tukachukua wavu wa shaba, laini kama chekecheo,
mita sita, kwa bei ya mbuzi mwenye mimba.

Siku mbili chumba changu kilikuwa karakana.
Wavu ukutani, wavu darini, wavu chini ya zulia,
mshono juu ya mshono, moshi wa risasi ya kulehemia,
dirishani karatasi ya fedha ya kuokea samaki.
Kila waya akauvisha pete nyeusi ya sumaku
aliyoikata kwenye skrini zilizokufa.
Ufito wa shaba akauzamisha katika kitalu cha sukumawiki
alichokiacha mama,
akaunywesha maji ya chumvi kama mgonjwa wa kipindupindu.
Mlango ndio uliomtesa.
"Mwanya wa ukucha," akasema, akinyonya kidole kilichoungua,
"kwa wimbi ni lango la uwanja wa Nyayo."

Jumapili jioni akabaki koridoni na redio.
Nikaandika mjane wa kwanza. Wa pili. Nikaandika kwa ngumi.
Redio ikavuma uvumi wake mtupu, mvua ya mbali isiyofika.
"Umekuwa bubu, Mkawasi!" akacheka hadi akakohoa.

Simu yangu nayo ikafa humo ndani, bila hata mstari mmoja.
Raha ilioje. Nikafanya kazi.

Saa sita, hodi.
"Uko?"
"Niko."
Saa saba u nusu, hodi.
"Uko?"
"Baba, niko."
Mara ya tatu nikafungua na ulimi uliokwisha kunolewa.
Alikuwa miguu mitupu, redio kwapani.
"Tangu mama yako aondoke," akasema, akiitazama sakafu,
"mimi hulala na hiki sikioni. Kikilia, najua unaandika.
Kikinyamaza, najua umelala, nami nalala.
Sikuwahi kuelewa neno hata moja."

Sikuchungulia kama gari lile bado lipo.
Wajane wangu nikawakamilisha, nikawahifadhi, nikawafungia kabatini.
Kisha nikafungua ukurasa mweupe,
nikauacha mlango wazi, mwanya wa ukucha,
nikaandika yasiyomfaa jasusi yeyote:
bei ya nyanya, jina la mbwa wetu wa Wundanyi,
namna mama alivyokuwa akichuja chai kwa leso,
nikaandika polepole, kwa kelele,
mpaka kule koridoni mkoromo ukaizidi redio.